Jina la Aloi Halitoshi: Ushauri kwa Anayeingia Kiwanda cha Tabaini

Vijana wengi wanaomaliza uhandisi na kuvutiwa na tabaini huuliza swali lilelile: wasome aloi zipi? Wanataka orodha. Wanadhani mhandisi wa metali kiwandani ni mtu anayekaa ofisini akichagua metali bora ya kutengenezea panga la injini. Lakini aloi nyingi utakazokutana nazo zilichaguliwa kabla hujazaliwa. Ile ya nikeli inayoitwa 718, ambayo mpaka leo hutengenezewa diski nyingi za injini za ndege na za mitambo ya gesi, ilipata hataza mwaka 1962. Titani iliyochanganywa na alumini na vanadi, inayotumika kwenye mafeni ya mbele ya injini, ni ya miaka ya 1950.

Kazi utakayolipwa mshahara ni nyingine. Mezani kuna kipande chenye thamani ya gari jipya. Kimeyeyushwa, kimefuliwa, kimechongwa na kupimwa, na juu yake kuna alama moja ambayo mkaguzi hajaielewa. Watu wa usafirishaji wanasubiri. Kinapita au hakipiti? Jina la aloi halitakusaidia kujibu swali hilo. Utasaidiwa na kujua kipande kile kilivyotengenezwa, hatua kwa hatua, tangu kilipotoka tanurini mpaka kilipofika pale mezani. Ushauri wangu wote ndio huo, na yanayofuata ni kuufafanua.

Nikisema tabaini nakusudia ukoo mzima wa mitambo yenye mapanga yanayozunguka: tabaini za gesi na za mvuke, injini za ndege, kompresa kubwa za gesi asilia, na tabaini za maji kama zile tisa za Bwawa la Julius Nyerere, kila moja ya megawati 235. Mitambo hii inatofautiana sana, lakini maadui wake ni walewale: joto, mtetemo, kutu, mchanga na kani ya mzunguko. Na sehemu inayozunguka ikikatika haidondoki chini, inaruka.

Tarehe 6 Julai 1996, kwenye uwanja wa ndege wa Pensacola, Florida, ndege ya Delta aina ya MD-88 ilikuwa inakimbia ili iruke pale kitovu cha feni ya injini ya kushoto kilipopasuka. Vipande vilitoboa ubavu wa ndege na kuua abiria wawili, mama na mwanawe. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, walikirudisha kitovu kile nyuma mpaka kwenye tundu moja jembamba kati ya matundu mengi yanayokizunguka. Titani yenyewe haikuwa na tatizo. Kasoro ilizaliwa kwenye mashine ya kutoboa. Wakati wa kutoboa tundu lile joto lilizidi, na tabaka jembamba la titani kwenye ukuta wake likabadilika, likawa gumu na jepesi kupasuka, huku likibeba chembe za chuma zilizotoka kwenye kifaa cha kutobolea. Tundu lilipanuliwa na kusuguliwa baadaye kama taratibu zilivyotaka, lakini uharibifu ulikuwa umekwenda ndani zaidi ya kile kilichoondolewa. Ufa ulianzia hapo na ukakua safari baada ya safari.

Kuna sehemu ya ripoti ya wachunguzi hao ambayo kila mhandisi wa metali anapaswa kuisoma mara mbili. Kiwandani, baada ya kutobolewa, kitovu kilipitishwa kwenye ukaguzi unaoipa titani rangi ya buluu ili sehemu yoyote iliyobadilika ionekane tofauti na nyingine. Tundu lile lilionekana tofauti, na mkaguzi aliliona. Lakini alama yake haikufanana na picha yoyote ya kasoro iliyokuwa kwenye mwongozo, kwa hiyo kitovu kikapita. Miaka ikapita, na ukaguzi wa shirika la ndege nao ukaukosa ufa ambao ulikuwa umeshafikia ukubwa wa kuonekana.

Mkaguzi yule alifanya alichofundishwa. Aliyekosekana ni mtu wa kujua kwamba rangi ile inaweza kuletwa na joto la kutoboa, na wa kutoka maabara kwenda kwenye mashine kuuliza siku ile kulitokea nini. Mtu huyo unatakiwa kuwa wewe.

Kwa hiyo ukiajiriwa, usijifungie maabara wiki za mwanzo. Nenda kwa mafundi wanaokereza na kutoboa. Msalimie fundi kwa heshima, kaa pembeni ya mashine yake, umwulize mambo ya kawaida kabisa. Kifaa cha kutobolea kinabadilishwa baada ya matundu mangapi? Kikivunjikia ndani ya tundu, nani anaandika, na anaandika wapi? Maji ya kupozea yakipungua, mashine inajizima au inaendelea? Zamu ya usiku inafanya vilevile? Fundi mchundo mwenye miaka ishirini kazini anazijua dalili za chuma kilichoteswa kwa sauti ya mashine na rangi ya chengachenga za chuma zinazotoka. Akikuamini, siku moja atakuita kabla ripoti yoyote haijaandikwa. Mhandisi anayekwenda kwa mafundi siku ya kutafuta mkosaji tu hataitwa.

Kila namna ya kukata chuma huacha alama yake, na alama hizo zijifunze mapema. Mashine ya cheche za umeme, ile inayotoboa matundu madogo ya kupitishia hewa ya kupoza mapanga, huacha tabaka jembamba la metali iliyoyeyuka na kuganda upya, na mara nyingi tabaka hilo lina vinyufa. Grinda iliyolazimishwa huunguza uso wa chuma. Jicho linaweza lisione chochote, lakini ukikichovya chuma kile kwenye asidi hafifu ya nitriki iliyochanganywa na spiriti, palipoungua patajionyesha kwa rangi. Upigaji wa vigololi juu ya uso huacha mkandamizo unaozuia nyufa zisianze, ila mtu akipita na msasa baadaye ili kipande kipendeze machoni, anauondoa mkandamizo huo bila kujua.

Kipande kilichovunjika kina mambo mengi ya kukuambia iwapo hutakiharibu. Usikiguse kwa vidole pale kilipokatika. Usiviunganishe vipande viwili kuona kama vinalingana, maana kila vinapogusana vinasagana na ushahidi unapotea. Usikisugue kwa brashi ya waya. Kipige picha kikiwa kama kilivyo, kikaushe, kifunge, uandike kilitoka mtambo gani, upande gani, nafasi ya ngapi. Kukata kwa ajili ya hadubini kuje mwisho. Nimeona vipande vilivyofika maabara vikiwa vimeoshwa, vimepigwa brashi na kupakwa grisi visishike kutu, na aliyefanya hivyo alidhani anamsaidia mchunguzi.

Kiweke chini ya hadubini ya kawaida, yenye kukuza mara kumi au ishirini, na taa ikimulika kutoka ubavuni. Kama panga lilikufa kwa uchovu wa metali, utaona sehemu iliyolainika yenye mistari myembamba inayozungukana, mmoja nje ya mwingine, kama mistari ambayo maji yanayokupwa huiacha mchangani. Ifuate mistari hiyo kuelekea ndani, ule mdogo kuliko yote unazunguka mahali ufa ulipoanzia. Zaidi ya sehemu hiyo uso unakuwa wa kukwaruza: hapo ndipo metali iliyobaki iliposhindwa kubeba mzigo na kukatika mara moja. Linganisha maeneo hayo mawili. Eneo la uchovu likiwa kubwa na la mwisho likiwa dogo, mzigo wenyewe haukuwa mkubwa, kwa hiyo tafuta kilichouanzisha ufa: shimo la kutu, mkwaruzo wa kifaa, uchafu ndani ya metali. Eneo la mwisho likiwa kubwa, uliza kama mtambo ulikuwa unabebeshwa mzigo kupita uwezo wake. Hadubini ya elektroni ina kazi yake, ila wengi huikimbilia kabla ya kutazama vizuri kwa macho, wakarudi na picha maridadi za mahali pasipohusika.

Rudi sasa kwenye 718, maana inafundisha jinsi metali ya jina moja inavyoweza kuwa metali mbili. Nguvu yake hutokana na chembe ndogo mno za nikeli na niobi zinazojitokeza ndani yake ikipikwa kwa utaratibu. Kwanza inapashwa, kwa kawaida kati ya nyuzi 940 na 1,010 za Selsiasi, kisha inapozwa. Halafu inakaa saa 8 kwenye nyuzi zipatazo 720, inashushwa polepole mpaka 620, na inabaki hapo hadi hatua hiyo yote ifikishe saa 18. Ukizidisha joto la mwanzo, punje za metali hukua na diski inapoteza ustahimilivu wake dhidi ya uchovu. Hatua za mwisho zikienda kombo, nguvu haifikiwi. Kemia ya kipande kizuri na ya kibaya ni ileile. Ile bastola ya eksirei ambayo siku hizi kila mkaguzi anayo kiunoni itasema vyote viwili ni 718, na itakuwa imesema kweli. Haioni kilivyopikwa. Hata kaboni haiwezi kuisoma.

Ndiyo maana unapaswa kulijua tanuri kuliko unavyoijua aloi. Karatasi inayotoka na mzigo inaonyesha mstari ulionyooka kwenye 720, na kila mtu anaridhika. Wewe uliza themokapo ilikuwa wapi. Kama ilikuwa inapima hewa ya tanuri, basi mstari ule ni wa hewa. Diski nene iliyo katikati ya mzigo huchelewa sana kupata joto hilo, na saa zake 8 zilipaswa kuanza kuhesabiwa baadaye. Kuna kiwango kizima cha upimaji wa joto la matanuri, AMS 2750, kinachosomwa na wachache kwa sababu kinachosha. Kisome chote. Mhandisi kijana anayekielewa hupata heshima kiwandani haraka kuliko mwenye shahada tatu asiyekijua.

Usiamini pia kwamba kuna metali "bora" bila kutaja kazi yake. Diski huhitaji punje ndogo, kwa sababu uchovu ndio adui yake mkuu. Panga la mbele la tabaini ya gesi linaishi kwingine kabisa: gesi inayolipiga inaweza kuzidi nyuzi 1,500, juu ya kiwango ambacho metali yenyewe huyeyuka, na linaokolewa na hewa inayopita ndani yake pamoja na ngozi ya zirkonia iliyopakwa nje. Kwenye joto hilo mipaka kati ya punje ndiyo udhaifu, maana metali inayovutwa muda mrefu ikiwa na joto hurefuka taratibu na kufunguka hapo, jambo ambalo wenye kazi huliita kripu. Frank VerSnyder na wenzake wa kampuni ya injini ya Pratt & Whitney walionyesha katika miaka ya 1960 jinsi ya kugandisha panga kuelekea upande mmoja, na baadaye likapatikana panga la fuwele moja, lisilo na mpaka wa punje hata mmoja. Kwenye kiwanda cha kusubu mapanga hayo, punje moja ngeni iliyochipuka pembeni inatosha kulikataa panga zima. Kwenye diski iliyofuliwa unatafuta kinyume chake. Na ukisoma ripoti ya ukubwa wa punje kwa kiwango cha ASTM E112, kumbuka kwamba namba kubwa maana yake ni punje ndogo. Nimewaona watu wenye elimu wakibishana nusu saa kwa kulisahau hilo.

Sasa karatasi. Wengi huidharau sehemu hii na kuiona ya makarani. Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya DC-10 ya shirika la United ilianguka Sioux City, Iowa, baada ya diski ya feni ya injini ya mkiani kupasuka na kuiharibu mifumo yote ya haidroliki. Walikufa watu zaidi ya 110 kati ya 296 waliokuwamo. Diski yenyewe ilipatikana miezi mitatu baadaye, mkulima alipokuwa anavuna mahindi. Ufa ulianzia kwenye kidoa kigumu cha titani iliyoshika naitrojeni, kilichoingia wakati wa kuyeyusha ingoti mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wachunguzi walipoomba historia ya diski ile, walikuta kumbukumbu zinaonyesha diski mbili zenye namba moja ya utambulisho, na mojawapo ilikuwa imekataliwa baada ya kupimwa kwa mawimbi ya sauti. Hebu fikiria uzito wa karatasi ile. Siku ilipoandikwa, ilikuwa namba tu kwenye daftari.

Cheti cha metali kinapofika, usikiweke kwenye faili kabla ya kukisoma. Linganisha namba ya myeyusho iliyoandikwa kwenye cheti na ile iliyogongwa juu ya chuma chenyewe. Tazama tarehe: kipande hakiwezi kuvutwa kwenye mashine ya majaribio kabla hakijapikwa. Matokeo ya miyeyusho kumi yakifanana hadi desimali ya mwisho, piga simu, kwa sababu metali halisi hazifanani hivyo. Mwaka 2017 Kobe Steel ya Japani, kampuni kubwa na ya siku nyingi, ilikiri kwamba takwimu za baadhi ya bidhaa zake zilighushiwa. Mwaka 2024 ikajulikana kwamba titani yenye nyaraka za uongo ilikuwa imeingia kwenye ndege za Boeing na Airbus.

Usidhani haya ni mambo ya mbali. Mwaka 2023 kampuni mama ya Pratt & Whitney ilitangaza kwamba unga wa metali uliotumika kwa miaka kadhaa kutengenezea diski za injini za ndege za Airbus A320neo ulikuwa na uchafu adimu ndani yake, na ndege nyingi duniani zikaegeshwa kungoja ukaguzi. Kabla ya hapo, mwaka 2022, shirika la ndege la Tanzania, ATCL, lililazimika kuegesha baadhi ya ndege zake za A220 kwa matatizo ya injini za kampuni hiyohiyo, na ratiba za safari zikavurugika. Uamuzi wa kiwandani ughaibuni hufika mpaka kwenye tiketi ya mtu wa kwetu.

Jambo gumu kuliko yote katika kazi hii halifundishwi chuoni, nalo ni kusema hapana. Utaombwa kupitisha kitu mwisho wa robo mwaka, saa za jioni, na mtu anayekuzidi umri na cheo. Sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa, na malezi hayo ni mema, lakini kipande cha metali hakijui mkubwa ni nani. Dawa yake ni kuandika. Andika kiwango kinataka nini, kipande kimepata ngapi, na tofauti hiyo inaweza kuleta madhara gani. Kisha, chini yake na kwa kichwa chake, andika maoni yako. Usichanganye viwili hivyo, kwa sababu mtu akitaka kukupinga ataanza kuyashambulia maoni yako ili namba zife pamoja nayo. Toa na njia ya kutokea: kinaweza kupikwa upya, kinaweza kuchongwa zaidi, kinaweza kupelekwa kwa wabunifu wakokotoe upya kama kinafaa kwa mzigo mdogo. Neno "hapana" lililobeba njia tatu za kutokea husikilizwa.

Na usirudie jaribio mpaka lipite. Kipimo kikifeli, viwango vingi vinaruhusu marudio kwa masharti maalumu, na vinataka sababu ya kufeli itafutwe kwanza. Anayekata sampuli ya pili mahali tofauti kwa matumaini ya kupata namba nzuri anapima bahati yake. Ukikubali mara moja, kila mtu atajua bei yako.

Neno kuhusu afya yako, kwa sababu maabara nyingi hulisema juujuu. Dawa inayotumika kuonyesha punje za titani ina asidi ya haidrofloriki. Hata ikiwa hafifu, hupenya ngozi bila kuchoma hapohapo, maumivu huja baada ya saa kadhaa, na ndani hufuata kalsiamu ya mwili. Usiiguse mpaka umeona kwa macho yako mrija wa jeli ya kalsiamu glukoneti ukutani, na umehakikisha kwamba haujapitwa na wakati. Maabara isiyo nao, kataa kufanya kazi hiyo siku ile.

Je, mtu wa Afrika Mashariki ataingiaje? Nisikufiche: sehemu ya mlango imefungwa kwa sheria. Marekani ina kanuni za kudhibiti teknolojia, ITAR na EAR, zinazohesabu kumwonyesha mgeni asiye na ukaazi wa kudumu taarifa fulani za kiufundi kuwa sawa na kuzisafirisha nje ya nchi. Injini za ndege, hasa sehemu za moto, zimo. Watu wetu wenye alama nzuri sana hutuma maombi mia kwa viwanda vya injini na hawajibiwi, wakadhani wao ndio wenye kasoro. Elekeza nguvu penginepo: tabaini za mvuke na za gesi za kufulia umeme, kompresa, pampu, tabaini za maji, viwanda vya kusubu na kufua vinavyowauzia wakubwa, kampuni za kupaka ngozi za kinga, maabara binafsi za upimaji, na karakana za ukarabati. Ujerumani ina tabaini za mvuke Görlitz na za gesi Berlin, Italia ina Florence, Ufaransa ina Belfort, Uingereza ina Derby na msururu wa wauzaji wake. Ukienda Ujerumani, jifunze Kijerumani cha karakana kabla ya kile cha ofisini. Mikutano inaweza kuwa kwa Kiingereza, lakini fundi wa tanuri atakueleza ukweli kwa lugha yake.

Kwa masomo, shahada ya uhandisi wa mitambo inatosha kuanzia, na ya metaluji na uchenjuaji wa madini ni nzuri zaidi kuliko wengi wanavyodhani, mradi uongeze somo la mivunjiko ya metali na la kuchomelea. Ukitafuta shahada ya pili, tazama Birmingham, Swansea na Cambridge kwa aloi za nikeli, au Aachen na Freiberg kwa vyuma. Ila kabla ya kuondoka, kaa kwanza kwenye kituo cha umeme cha kwetu mwaka mmoja au miwili. Tanzania ina mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi wa kuwapeleka wahitimu kazini chini ya mhandisi mzoefu. Utumie, na uombe kituo chenye tabaini.

Nasema hivyo kwa sababu maadui wa metali wapo hapa, tena kwa wingi. Kwenye kituo cha Kihansi, Tanzania, maji huanguka zaidi ya mita 800 na kupiga vikombe vya tabaini za Pelton, na punje ya mchanga katika kasi ile ni patasi. Olkaria, ambako Kenya ilianza kufua umeme wa jotoardhi mwaka 1981, mvuke unapanda na gesi yenye salfa, chumvi na silika. Magurudumu ya tabaini za maji siku hizi hutengenezwa mara nyingi kwa chuma cha kromi asilimia 13 na nikeli asilimia 4. Kinachomeleka vizuri kikitunzwa, lakini kikikarabatiwa haraka bila kupashwa tena baada ya kuchomelewa, ufa hurudi pembeni mwa weldi. Mhandisi aliyeyashuhudia haya anafika kiwandani ughaibuni akijua kitu ambacho wengi wa pale hawajawahi kukiona: mtambo wao miaka kumi baada ya kutoka getini. Katika usaili, hilo lina thamani kuliko maksi.

Wenyeji wa vituo, mafundi sanifu na mameneja, nina ombi kwenu pia. Panga lililokatika, vani iliyoliwa na mchanga, boliti iliyovunjika kichwa, kila mwaka huenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu kwa bei ya kilo. Kabla hamjapima kilo, wekeni kipande kimoja pembeni. Kiandikeni tarehe, mtambo na saa ulizofanya kazi, mkifunge kikiwa kikavu, mkipeleke kwenye idara ya uhandisi ya chuo kilicho jirani. Na wewe mwanafunzi, usingoje kuletewa. Andika barua kituoni wiki hii, ukiombe.